Ombi la Kusogeza Saa ya Mahojiano Mpaka Pikipiki Ipate Joto

Kambi ya Pareto,
Mau, juu ya Njoro.
Alhamisi, 9 Januari 1958.

Kwa Bibi Mkuu,
Chuo cha Ualimu cha Wasichana,
Barabara ya Nakuru.

Bibi Mkuu Mheshimiwa,

JUU YA SAA MBILI ASUBUHI

Nakusalimu nikiwa nimenawa mikono mara mbili. Kwa hiyo doa lililo kwenye kona ya karatasi hii si uchafu wangu, ni oili, na oili ndiyo chanzo cha barua yenyewe.

Jina langu ni Esta Jepkosgei, binti wa Mwinjilisti Micah. Nimemaliza darasa la nane na cheti ninacho. Mimi ndiye msichana aliyeitwa chuoni kwako Jumatatu tarehe 6, saa mbili kamili, akafika saa tano na robo, akakuta viti vimepinduliwa juu ya meza na karani anakunywa chai. Karani alikuwa mpole. Aliandika jina langu kwenye orodha ya kungoja, akaniambia zimebaki nafasi mbili, na kwamba waliokosa wataonwa Alhamisi tarehe 16, saa mbili ile ile. Baada ya hapo mlango unafungwa mpaka mwakani. Mwakani, Bibi Mkuu, nitakuwa nimekwisha kupewa kikapu cha kuchumia pareto, na huku kwetu sijaona msichana aliyepewa kikapu akakirudisha.

Nimekaa siku tatu nikitafuta kosa ni la nani. Nimelitafuta kwa haki, nikianza na mimi mwenyewe, na huko sikuliona. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu juu ya pikipiki ya baba yangu, nikiyapanga kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Umri wake. Pikipiki hii iliundwa kabla ya vita. Ni kubwa, ina kiti kipana na mifuko miwili ya ngozi, na ilikusudiwa safari ndefu za watu wasio na haraka. Mzungu mmoja mpima ardhi aliitumia miaka mingi kisha akapata gari, na Baba akaichukua ili aweze kuhubiri katika kambi nne kila Jumapili badala ya moja. Watu wananiambia nisiilaumu, ni mzee. Nami nawajibu kwamba nyanya yangu ni mzee kuliko pikipiki, na kila siku anaamka kabla ya jogoo bila kupigwa teke na mtu yeyote.

2. Kuamka kwake. Ili iwake asubuhi, kwanza unafungua petroli. Halafu unabonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kabureta mpaka petroli ikuloweshe kidole. Halafu unarudisha nyuma kile kijiti cha kuchelewesha cheche ya moto kilicho kwenye usukani, la sivyo kiki itakurudishia teke kwenye goti. Halafu Baba anaomba. Halafu anapiga kiki. Mpaka Novemba iliyopita ilikuwa ikiwaka kwa kiki ya tatu. Tangu juma la kwanza la Desemba, ulipoanza ule umande mweupe unaogandisha nyasi, imebadilika. Mimi naweka daftari. Wastani wa juma la kwanza ulikuwa kiki tisa, wa juma la pili kumi na nne, wa Krismasi ishirini na moja. Jumatatu ya mahojiano zilikuwa thelathini na nne. Kwa hesabu hiyo, ikifika mwaka 1960 Baba atakuwa na mguu mmoja mnene kuliko mwingine na hajatoka uani. Mama alisimama mlangoni na sufuria akasema, "Baba Esta, hata maiti ingekuwa imekusikia sasa."

3. Kukaa kwake. Pikipiki yenye adabu ikishawaka hukaa ikihema polepole, tup, tup, tup, ikimngoja mwenyewe apande. Mwendo huo mdogo wa kusimama mafundi wanauita silensi. Yetu ilikuwa nayo, sasa haina. Inahema mara nne, inatoa moshi mweusi, inafikiri kidogo, inazimika. Baba alikaza skrubu ya silensi nusu duara, ikahema mara sita. Akakaza duara zima, ikahema mara tisa. Jumapili kabla ya Krismasi aliikaza mpaka mwisho, na kweli haikuzimika, lakini ilipopata joto ilikaa ikinguruma kana kwamba inapanda mlima, nasi tumesimama. Katika kambi ya tatu hakuthubutu kuizima asije akashindwa kuiwasha. Akahubiri kando yake. Watu walimwona akifungua mdomo na kuufunga kwa dakika arobaini, wakaitika "Amina" kwa kukisia. Mzee mmoja aliitika katikati ya matangazo.

4. Aibu. Pikipiki ikikataa kiki, inabidi isukumwe kwenye mteremko, na wa kuisukuma ni akina mama wanaokwenda kuchuma pareto. Wanaweka vikapu chini, wanakunja leso, wanasukuma. Sina neno nao, wana mioyo mizuri, ila hawanyamazi. Jumatatu, mbele ya kambi nzima, jirani yetu Anyango alipiga kelele, "Mwinjilisti! Hii kitu yako inakufa na kufufuka mara ngapi? Sisi wengine tumeahidiwa mara moja tu!" Baba aliyekuwa ameshika usukani akamjibu, "Sukuma, Anyango, sukuma, thawabu yako ni kubwa." Naye akasema, "Basi inipe hiyo thawabu hapa chini, mimi sina mguu wa kurudi na mlima."

5. Safari yenyewe. Ilishika moto chini kabisa ya mteremko. Kwa kuwa ikisimama inazimika, Baba hakuisimamisha. Alinipungia mkono, nami nikakimbia kando yake nikiwa nimeshika cheti kwa meno, nikaparamia kiti. Kiatu changu cha kushoto kilibaki njiani. Nilimpigapiga Baba mgongoni nikimwambia, akajibu bila kugeuka, "Kiatu au chuo, mama, chagua moja!" Nikachagua chuo. Tulikwenda vizuri maili mbili, mpaka geti la shamba, ambalo mlinzi wake hufungua akishamaliza kuuliza habari za nyumbani. Alipouliza habari za nyanya, ikazimika. Hapo si mteremko. Tuliisukuma mimi na Baba na yule mlinzi, ambaye aliendelea kuuliza. Sitakuchosha kwa mambo ya Njoro, mahali ilipozimikia katikati ya ng'ombe wa watu. Karani wako atakuambia kwamba nilizungumza naye nikiwa nimesimama kwa namna ya korongo. Nilikuwa naficha mguu usio na kiatu nyuma ya ule wenye kiatu.

6. Mimi. Kwa ajili ya haki naandika na hili. Nilikuwa nimewaambia wasichana wote wa kambi kwamba nitafika chuoni kwa pikipiki. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kushuka juu ya gogo la kuni, kwa utulivu, huku nikikung'uta vumbi kwenye sketi kama mtu aliyezoea. Jambo hili halihusiani na kuchelewa kwangu, nimelitaja tu ili ujue gogo halikunisaidia.

Kwa sababu hizo sita, naomba kwa heshima kama ifuatavyo:

(a) Kwamba tarehe 16 saa mbili isogezwe iwe saa tano, kwangu mimi peke yangu, kwa maana saa tano jua linakuwa limekwisha kuipasha pikipiki joto.

(b) Kwa kuwa si haki kunipendelea, wasichana wote wanaotoka juu ya Njoro nao waitwe saa tano. Na kwa kuwa hakuna anayejua baridi inaanzia jiwe gani hasa, ni afadhali iwe hivyo kwa Bonde la Ufa lote.

(c) Wasichana waliozoea kuanza saa tano watakuja kuwa walimu wa kuanza saa tano. Kwa hiyo ingefaa shule zote zianze wakati huo, na kengele za asubuhi zikabidhiwe watu wenye pikipiki, wazipige injini zikishatulia. Watoto watajua hesabu kidogo kuliko sisi, lakini wataheshimu mashine.

(d) Kama saa haisogezeki, chuo kisogezwe. Nimepima kwa hatua uwanja ulio chini ya mteremko wetu, pale hasa pikipiki inaposhika moto. Chuo kikijengwa hapo Baba hatahitaji kusimama, atapunguza tu mwendo nami nitaruka. Nyasi ni nzuri na josho la ng'ombe haliko karibu sana.

(e) Kama na hilo ni gumu, naomba pikipiki iitwe kwenye mahojiano badala yangu. Iulizwe inataka nini duniani. Iulizwe kwa nini inawaka mbele ya watu na kuzimika mbele ya geti. Ikijibu kwa kishindo bila kuzimika mpaka mwisho wa swali, ipewe nafasi hiyo, nami nitakwenda kuchukua kikapu bila manung'uniko.

Ninakuomba ufikiri juu ya haya kwa wakati wako, lakini kabla ya tarehe 16. Nataka kufundisha. Nimewafundisha watoto wa kambi kusoma tangu nikiwa darasa la sita, chini ya banda la kukaushia pareto, na wanne kati yao sasa wanamsomea Baba Zaburi akisahau miwani. Sikupata mahali pa kuliweka jambo hili katika namba, kwa sababu si lalamiko.

Nisalimie karani na chai yake, wapishi, mtunza bustani aliyejifanya hakuona mguu wangu, na wasichana wote waliofika saa mbili kamili. Sina kinyongo nao, au ninacho kidogo sana, na kinapungua.

Ni mimi niliye tayari kuanza hata leo,
Esta Jepkosgei.

Nyongeza. Jumamosi, tarehe 11.

Bibi Mkuu, barua hii haikuondoka juzi kwa sababu aliyetakiwa kuipeleka posta ni pikipiki. Jana Baba aliitelemsha mpaka Njoro ikiwa imezimwa, maili kumi, akaipeleka kwa fundi Waithaka. Leo mchana tumeisikia inapanda mlima ikiimba. Baba akaingia uani, akaizima makusudi, akapiga kiki moja. Ikawaka. Ikakaa, tup, tup, tup. Kuku wakaendelea kula.

Halafu akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa gazeti, akaniambia fundi alipopiga magoti nyuma ya kabureta alicheka kwanza, kisha akauliza, "Mwinjilisti, ni nani amefunga hii mnyama yako mdomo? Hii ni soksi ama ni kofia?"

Si soksi wala kofia. Ni kifuniko. Nilikifuma mimi, kwa sufu nyeusi ya mkono wa sweta la zamani, juma la kwanza la Desemba. Niliona kabureta ina mdomo wazi upande wa nyuma, inavuta ule umande mweupe asubuhi yote, nikaihurumia kifua. Nikakifunga hapo mdomoni kwa nyuzi imara, mahali pasipoonekana, nisimwambie mtu, maana nilitaka uwe wema usio na sifa. Umande ulipokilowesha, hewa haikupita. Kilipokauka, ilipita kidogo. Namba 2 na namba 3 zote ziko humo ndani ya kile kifuniko. Wala sikukisahau nilipokuwa nikiandika. Nilikihesabu kuwa ndicho kitu pekee kilichoizuia pikipiki isife kabisa, na usiku wa kuamkia mahojiano nilikiongezea tabaka la pili.

Fundi anasema injini inataka hewa kama inavyotaka petroli. Nilikuwa nalijua hilo. Katika mtihani wa sayansi tuliulizwa kwa nini mshumaa uliofunikwa kwa chupa huzimika, nami nilipata alama zote, pamoja na mchoro.

Baba alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Halafu akausugua mguu wake wa kulia, akasema, "Mama, mwezi mzima nimeombea pikipiki, kumbe mwenye shida ni wewe." Kile kifuniko amekitia kwenye koti lake la Jumapili. Anasema mshono ni mzuri.

Ningeichana barua hii, lakini ndiyo karatasi ya mwisho kwenye daftari la mahubiri, na si vizuri uletewe nusu ya kweli. Kwa hiyo nayaondoa maombi yote, kuanzia (a) mpaka (e). Saa mbili ibaki mahali pake, na chuo pia.

Baba anataka kunileta Alhamisi kwa pikipiki, na najua itawaka. Nimemshukuru, nikakataa. Jumatano nitashuka kwa miguu mpaka Njoro, nilale kwa shangazi, na kutoka hapo ni maili nne tu. Njia hii ilikuwepo wakati wote. Sikuitaka kwa sababu mtu anayefika kwa miguu hakuna anayegeuka kumtazama. Sasa pikipiki imepona baridi, na anayechelewa kuwaka nimemjua ni nani. Mtu wa namna hiyo ni afadhali aondoke siku moja kabla. Karani akija kufungua mlango atanikuta hapo, na viatu vyote viwili.