Gololi Nyeusi ya Ufunguo wa Shaba

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Siku mbaya. Wahariri wa kitabu cha mwaka wamebandika tangazo mlangoni mwa bwalo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne alete orodha ya vyama vyake kabla ya Jumatano ijayo jioni, ichapwe chini ya picha yake. Prescott Alden ana vyama tisa. Tisa! Mdahalo, makasia, Kifaransa, wapiga kengele wa kanisani, na vingine ambavyo hata yeye nadhani havikumbuki. Mimi sina hata kimoja. Chini ya picha yangu patasomeka Orville Yoder, Wooster, Ohio, kisha weupe mtupu mpaka kwenye nywele za mtu wa mstari wa pili.

Na Mama keshawatangazia wanawake wote wa kanisa letu kwamba kitabu kinakuja. Atakifungua mbele yao, baada ya ibada, na keki mezani.

Gus Lindqvist, ninayekaa naye chumba kimoja, kanipoza kwamba hata yeye ana chama kimoja tu. Chama chenyewe ni timu ya futiboli ya chuo. Nimemwambia aendelee kula mkate wake.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimepata! Ya nini kubisha milango ya vyama vya watu? Naanzisha changu. Jina: Ufunguo wa Shaba. Shughuli za chama: bado. Nimevichunguza vyama vinavyoheshimiwa hapa chuoni na kugundua kwamba havifanyi lolote. Heshima yake yote inatokana na watu vilivyowakataa. Kwa hiyo tutapiga kura ya gololi kama wakubwa: nyeupe ni karibu, nyeusi ni kwaheri, na nyeusi moja tu inatosha kumtoa mtu.

Nimempelekea katiba Dokta Haverkamp, mlezi wa wanafunzi. Akauliza chama kitafanya nini. Nikasema kitadumisha mila. Akauliza mila zipi. Nikasema zile tutakazozidumisha. Akatazama saa, chakula cha mchana kilikuwa kinapoa, akatia sahihi. Sharti moja: waanzilishi wawe watano, na wote wapigiwe kura, hata mimi. Hewala! Nani atanikataa mimi kwenye chama changu?

Alhamisi, 7 Oktoba

Watu hawaji. Nilimwendea Lorna Petrie, yule wa maktaba, ambaye nikimwona tu ulimi unaniwia mzito. Akauliza jambo moja: Alden yumo? Nikamwendea Mavis Teague wa hesabu. Naye: Alden yumo? Hata Gus, ninayemfulia soksi zake! Alden yumo?

Nimekasirika mpaka nimetembea kuuzunguka uwanja mara mbili. Ndipo akili ikafunguka. Namwalika Alden, wengine watamfuata. Wakishaingia, gololi nyeusi, na Alden nje! Mtu ambaye hajawahi kukataliwa na chochote tangu azaliwe. Nimemwalika saa nne asubuhi. Alikubali kwa tabasamu, akanishukuru sana, akaniita Orson.

Tatizo: akikataliwa, wote watanigeukia mimi, maana hakuna asiyejua kwamba simpendi. Dawa yake ninayo. Hatutasoma majina. Kila mtu atakuwa na namba, jina lake ndani ya bahasha, na bahasha zifunguliwe mwishoni. Nani atanilaumu, ikiwa hakuna aliyejua namba tano ni nani? Isipokuwa mimi. Mimi ni namba moja. Alden ni namba tano. Nimempa Lorna orodha ayaandike majina vizuri na kuyafunga kwenye bahasha kwa mfuatano, kwa kuwa mwandiko wangu kama wa kuku; namba nitaziandika juu mwenyewe, naye anadhani nitazichanganya kwanza.

Nimelala usingizi wa mchana mtamu ajabu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Saa saba mchana, maabara ya mimea. Tulikuwa watano kamili. Nilimpa kila mtu gololi nyeupe tano na nyeusi moja, aziweke mfukoni. Sanduku la biri lenye tundu lilikuwa juu ya meza. Nilivaa tai, na kila mmoja nilimpa beji ya Ufunguo aibandike kifuani.

Mavis akaanza vurugu zake za hesabu. Alitaka kujua, hivi jamani, mtu anapigaje kura wakati hajui anampigia nani? Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo mila. Alden akaitikia kwa kichwa. Alisema chama cha babu yake kule Boston kina mila ngumu kuliko hizo. Basi wote wakaitikia. Chama kina umri wa siku tatu!

Namba moja: nyeupe zote. Nilijipongeza kimoyomoyo. Namba mbili, tatu, nne: nyeupe tupu. Namba tano: nikaingiza mkono, nikaiachia nyeusi yangu. Ililia kidogo ilipogonga ubao. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Lorna alipofungua sanduku akaguna. Gus akasema, "Duh, huyo mtu kafanya nini tena?" Nikasimama. Niliona si vibaya kusema maneno machache kabla bahasha hazijafunguliwa. Nikasema Ufunguo hauna huruma wala upendeleo. Nikasema uamuzi ni wa mwisho, leo na milele. Nikasema aliyekataliwa, awe nani, na awe na vyama vingapi, avue beji yake, awape wote mkono, atoke bila kunung'unika. Nilimtazama Alden kwa masikitiko. Nadhani niliyafanya masikitiko vizuri.

Lorna akafungua bahasha ya tano. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Orville, pole jamani. Ni wewe."

Orodha yangu, kumbe, ilimkera! Majina yamerukaruka, Y kabla ya A! Kwa mazoea ya maktaba aliyapanga upya kwa alfabeti kabla ya kuyafunga kwenye bahasha. Alden namba moja. Yoder namba tano. Alinieleza haya kwa upole, kama mtu aliyenifanyia hisani.

Nikaivua beji yangu, nikaiweka mezani. Mavis naye hatulii. Akasema ni rahisi tu, kila mmoja aweke gololi yake nyeusi mezani, asiyekuwa nayo ndiye. Gus akawa anapapasa mfuko. Nilipiga kelele! Nikasema siri ya kura haiguswi! Nikasema nakubali matokeo kwa moyo mkunjufu, na atakayetoa gololi yake mfukoni ameikanyaga katiba! Wakaguswa sana. Lorna alisema hajawahi kuona mtu muungwana hivyo. Nikawapa wote mkono. Alden alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Nikatoka bila kunung'unika. Nilinung'unika nilipofika kwenye ngazi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Dokta Haverkamp kudai kura ifutwe. Nilieleza kwamba mpangilio wa namba ulibadilishwa bila ridhaa yangu. Akavua miwani. Akauliza, kama hakuna mpiga kura aliyejua namba ya mtu, mpangilio ukibadilika kuna hasara gani? Nikatazama saa. Akauliza tena, taratibu, huku akinitazama kwa jinsi nisiyoipenda. Nikasema nina kipindi cha jiografia.

Nje nikakutana na Alden. Alikuwa ananitafuta. Alisema hawakulala vizuri, wote wanne, kwa ajili yangu. "Sikia, ndugu yangu," akasema, "aliyeitumbukiza aje aseme tu gololi imemponyoka. Hatutamuuliza zaidi. Tunapiga kura upya, tunakurudisha, na picha ya kitabu cha mwaka ni kesho saa nne. Wewe huna unayemdhania?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu: imeniponyoka. Wangecheka, ningerudi, Mama angepata mstari wake wa kusoma. Nilimtazama Alden, meno yake yote mazuri, akingoja kunisamehe. Kunisamehe mimi! Yeye!

Nikamwambia ninamdhania Gus.

Jumanne, 12 Oktoba

Gus hasemi nami. Amehamisha soksi zake.

Picha ilipigwa kwenye ngazi za maktaba. Nilipita kwa bahati tu, mara nne. Alden ndiye mwenyekiti sasa. Lorna alikuwa amevaa beji yangu, kwa kuwa yake imevunjika pini. Na hili ndilo lililonichoma hasa: tangu Ijumaa wanafunzi ishirini na watatu wameomba kuingia Ufunguo wa Shaba! Mmoja wao aliniambia usoni kwamba chama kinachoweza kumkataa hata mwanzilishi wake lazima kiwe cha watu wa maana. Hakunijua. Alikuwa mwaka wa kwanza, na ile kofia yao ya kijani kichwani. Nikamwuliza chama chenyewe kinafanya nini. Akasema kinadumisha mila.

Mpiga picha aliniomba nisogee. Kivuli changu kilikuwa kinaingia.

Niliketi nyuma ya jengo la kemia nikalia kidogo. Haikuwa hila. Nililia kweli.

Jumatano, 13 Oktoba

Siku ya mwisho ya orodha. Baada ya kifungua kinywa Bi. Lund, kiongozi wa kwaya ya chuo, alinishika mkono juu ya ngazi za bwalo. Kwaya ina wanawake thelathini na wanaume watatu, mmoja wao ana mafua. Akasema, "Mwanangu, njoo tu. Jina lako nalipeleka mwenyewe leo jioni kwenye kitabu." Hakuna kura. Hakuna gololi. Hakuuliza hata kama najua kuimba, na nota mimi sizijui. Kuja tu! Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikashuka ngazi nikiruka mbili mbili.

Nikasimama katikati ya ngazi. Nikafikiri. Kwaya gani hiyo inayompokea kila mwenye mdomo? Alden akisoma jina la kwaya chini ya picha yangu atacheka, atasema hata yule mwenye mafua yumo. Heshima iko wapi?

Nikapanda tena. Nilimweleza Bi. Lund, kwa adabu zote, kwamba kwaya inajishushia hadhi. Nikamshauri afanye mtihani wa sauti leo leo, kabla hajapeleka majina, na asiyeweza kusoma nota akatwe bila huruma. Akasema kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kulifikiria hilo, lakini sasa nikisema, ni kweli, ni wazo zuri sana.

Mtihani ni saa kumi. Nimejitolea kuimba wa kwanza, ili wengine wapate mfano.