Moshi Wangu na Pua ya Mama Habsa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ujumbe umeingia kwenye simu kabla sijamaliza chai. Kampuni iliyotengeneza gari langu inataka magari yote ya aina hii yapelekwe kwa wakala wao, Meru. Kuna waya nyuma ya dashibodi unaoweza kushika moto. Kurekebishwa ni bure. Kwa sasa niegeshe nje, mbali na nyumba, na nikisikia harufu ya moshi nisimame nitoke.

Nimecheka peke yangu. Harufu ya moshi! Mimi nabeba maziwa ya ngamia kutoka upande wa Garbatulla, na kila mtungi umefukizwa kwa moshi wa kuni za ejersa, mzeituni wa porini, ili maziwa yasiharibike. Gari linanuka moshi tangu wiki ya kwanza. Hata kanzu yangu ya Ijumaa inanuka moshi. Nikisimama kila nikiusikia, nitafika Isiolo siku ya Idi.

Tena si wakati wa kwenda Meru. Kiangazi kimekausha ngamia. Mama Habsa, mwenye maziwa, alituita mimi na binamu na jirani yangu Jama akasema yaliyobaki ni ya gari moja tu, na Ijumaa atachagua. Nikikosa siku moja, Jama ananipokonya tonge mdomoni. Nimefuta ujumbe. Alhamdulillahi, mke wangu Nasteha hajauona.

Jumanne, 4 Februari

Nasteha amejua. Kaambiwa na mke wa Jama. Nilisahau kwamba Jama ana gari kama langu. Tulinunua pamoja, siku moja, yadi moja. Mke wangu amesema gari hilo halilali tena katika boma lake, kuna watoto na mtungi wa gesi. Mimi ni mume msikivu. Jana jioni nililiegesha mbali na nyumba yetu, kando ya ukuta wa Jama.

Asubuhi nimetoka nikakuta gari la Jama kando ya ukuta wa jiko letu.

Tumesalimiana vizuri sana. Salaam aleikum, waleikum salaam, watoto hawajambo, na mbuzi je. Akasema alifuata kivuli. Nikasema na mimi pia nilifuata kivuli. Usiku, sote wawili, kivuli.

Basi nikaenda kwa Mama Habsa kumwambia, kwa uchungu mkubwa, kwamba gari la Jama si salama. Akauliza langu je. Nikasema langu ni jeupe, haya matatizo ni ya magari mekundu. Alinitazama kidogo.

Jumatano, 5 Februari

Fitina imenirudia. Mama Habsa alimwita Jama, na Jama, badala ya kubishana kama mtu mzima, akaenda Meru. Nilitarajia wamweke wiki mbili. Kabla ya alasiri alikuwa amerudi! Waya mpya, karatasi yenye muhuri, chai amepewa, na kofia nyekundu ya kampuni. Kofia nzuri. Alipita mbele ya duka la Mama Habsa akiwa ameivaa, mara tatu.

Mama Habsa sasa anataka karatasi yangu. Nimesema iko njiani.

Nimekwenda kwa fundi Mwenda kumwomba aniandikie. Mwenda ni fundi mzuri lakini ana tabia mbaya ya ukweli. Akasema hawezi kuandika kwamba ametengeneza asichotengeneza. Nikambembeleza. Nikamkumbusha urafiki wetu. Mwishowe akaandika: "Nimeliona gari hili. Nimeliogopa." Akagonga muhuri wa gereji yake.

Kwa kweli namshukuru. Nusu ya kwanza ni nzuri kabisa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwonyesha Mama Habsa karatasi huku kidole gumba kikiwa juu ya nusu ya pili. Mungu ni mwema, hakuwa na miwani. Akaona muhuri, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaichukua mkononi mwangu na kuikunja ndani ya mkoba wake. Hilo sikulipangia.

Amesema kesho ataenda nami mwenyewe kuwaona wafugaji, aone ninavyobeba mzigo wake, ndipo achague. Nimeosha gari. Nimejipulizia manukato. Jama anaosha la kwake pia, na kofia hajaivua.

Ijumaa, 7 Februari

Leo naandika yote.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Kwenda, salama. Kurudi, mitungi kumi nyuma, Mama Habsa akaanza kunusa. Akauliza nani amefukiza mitungi leo. Nikasema akina mama wale wale. Akanusa tena, akasema hii si ejersa. Nikasema labda ni mgunga, kiangazi hiki kuni ni shida. Akasema amefukiza mitungi miaka thelathini, mgunga anaujua, na mti unaonuka hivi Mungu hajauumba. Nikasema basi ni manukato yangu. Akaniamuru nisimamishe gari. Nilisimama kwa sababu ni Mama Habsa, si kwa sababu ya moshi. Mimi sikusikia moshi wowote mgeni.

Tulishuka, na kabla hatujaenda hatua kumi, dashibodi ikatoa moto.

Nilibaki nimeduwaa. Niliona karo za watoto zikiungua mle ndani. Niliona miaka kumi na mmoja niliyoendesha lori la watu ili nipate hili gari moja. Miguu ilikataa. Ya Mama Habsa haikukataa. Alifungua nyuma, akanyanyua mtungi, akamwaga maziwa juu ya moto. Wa pili. Wa tatu nikashtuka nikabeba mimi. Mtungi wa tano ukauzima. Maziwa ya kiangazi, ambayo watu wanapimiana kwa kikombe, yalikuwa yanatiririka mchangani.

Nikakaa chini nikalia. Sioni haya kuandika. Nikamwomba msamaha kwa maziwa yake. Akasema maziwa kesho yatakamuliwa mengine, lakini Sakariye mwingine, yaani mimi, angekamuliwa wapi. Kisha akavaa miwani, akatoa karatasi ya Mwenda, akaisoma yote. Akairudia. Ndipo Jama akatokea nyuma yetu na gari lake; alikuwa ametufuata aone nani atachaguliwa.

Jama hakucheka. Alishuka, akafunga kamba, akanivuta mpaka mjini. Njiani akanipa maji yake ya kunywa.

Jumamosi, 8 Februari

Jama amelivuta gari mpaka Meru. Wakala wamesema watatengeneza kila kitu, dashibodi pia, bure. Kofia zimeisha. Nimepewa kishikio cha funguo. Nimekipokea kwa mikono miwili.

Jioni Mama Habsa alituketisha. Nikajua nimefukuzwa. Jama akamtangulia kusema: gari langu likirudi tupokezane, siku moja yeye, siku moja mimi, mpaka mvua inyeshe. Maneno hayo kayasema mtu niliyemsengenya Jumanne. Mama Habsa akakubali, kwa sharti moja, kwamba kampuni ikisema neno tena, niende siku hiyo hiyo.

Nimeapa. Ujumbe sifuti tena. Mama Habsa sitamdanganya tena. Kwa ukuta wa Jama siegeshi tena. Nimemshukuru Mungu mpaka Nasteha akaniambia nimpumzishe.

Alhamisi, 13 Februari

Gari limerudi kama jipya. Leo ilikuwa zamu yangu, na Mama Habsa ameniambia njiani kwamba ananiamini. Maisha matamu. Jioni nimeliegesha kando ya ukuta wa Jama, kwa sababu pale kweli kuna kivuli.

Ujumbe mwingine umeingia wakati wa magharibi. Safari hii ni breki. Magari yapelekwe Meru haraka. Dalili ni sauti ya kukwaruza chini ya gari.

Kesho si zamu yangu, ningeweza kwenda. Lakini kofia walisema zitafika mwisho wa mwezi, na safari mbili za Meru ni za nini? Tena barabara ya Garbatulla yote inakwaruza, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata mwenye pua kama ya Mama Habsa hawezi kunusa breki.

Nimefuta. Alhamdulillahi kwa barabara mbovu.