Alama za Chaki Kwenye Injini

Jumatatu, 6 Mei
Kosa la wengi: wanabadilisha cheni ya taimingi, wanaacha gia zilezile za zamani. Meno yaliyolika hula cheni mpya upesi. Mimi simo katika wengi hao. Nimenunua cheni na gia zake zote!

Mke wangu yuko kwa dada yake mpaka Jumamosi. Gari ni lake. Asubuhi injini inalia kama misumari ndani ya kopo. Aliagiza lipelekwe kwa fundi, mimi nisiliguse. Ufunguo akamwachia mdogo wake, dereva mstaafu, mjuaji wa kila kitu. Mimi, mume! Tangu ile siku nilipomtengenezea redieta haniamini. Lakini nikimpokea stendi na injini imetulia, ufunguo utarudi mfukoni mwangu.

Jumanne, 7 Mei
Nimemwambia shemeji kwamba fundi atakuja nyumbani. Akauliza ni nani. Nikasema ni mtu mwenye elimu. Akasema basi gari limekwisha. Ufunguo ametoa, lakini kwa shingo upande.

Jumatano, 8 Mei
Nimefungua. Krenki, inayozungushwa na pistoni, iko chini; kemu, inayofungua vali, iko juu; cheni inaziunganisha ili pistoni na vali zisigongane. Kwa hiyo kwanza unaweka alama kwenye injini, ujue kila gia ilielekea wapi. Shemeji kapita “kusalimia”, akashauri huyo “fundi” atumie rangi ya kucha. Rangi ya kucha! Nimefundisha maisha yangu yote kwa chaki. Nimechora alama nzuri, mwandiko wa ubaoni. Gia zina vidoti vya kiwandani vya kulinganishia, vidogo kama ufuta. Sina haja navyo.

Alhamisi, 9 Mei
Usafi kwanza. Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Kimeng'aa! Na alama hazipo. Nimefunga cheni kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ni nzuri sana.

Ijumaa, 10 Mei
Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa spana, polepole. Ikikwama usilazimishe, pistoni imegusa vali.
Imekwama.
Nimeibembeleza. Imekwama. Chai imenishinda. Nazunguka gari kama mlinzi. Kesho anarudi!

Jumamosi, 11 Mei
Asubuhi nilimpigia shemeji, nikasema fundi amepata udhuru. Akaja na rangi ya kucha mfukoni, mshenzi yule. Akamulika vidoti, akasogeza cheni meno mawili, akazungusha. Ikapita laini! Tukafunga, tukawasha. Kimya, unasikia hadi saa ya ukutani.

Nilikuwa nafuta mikono mke wangu aliposhuka kwenye teksi. Hakungoja stendi. Akauliza nani katengeneza. Nikasema tumesaidiana.

“Dada,” shemeji akasema, “muulize mwalimu chaki imefanya kazi gani.”

Alipoelezwa alicheka mpaka akakalia begi lake. Kisha akachukua ufunguo, akautia mkobani.

“Mwalimu,” akaniambia, “darasa limefungwa.”

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari kwa kina na kosa nimelipata. Chaki ilikuwa nyeupe. Nyeupe ni dhaifu mbele ya mafuta ya taa. Na jana, injini ilipotulia, nilisikia wazi giaboksi ikivuma. Shemeji anasema haivumi. Atajuaje?

Mke wangu amelala. Mkoba uko juu ya kabati. Stuli ninayo.

Leo: nunua chaki nyekundu.