Sabuni Moja, Mabosi Wawili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Bosi Miwani amepiga simu. Kampuni yake ya matangazo inawania kazi ya kiwanda cha sabuni. Mimi niandike wazo, wao waliwasilishe Alhamisi. Malipo? Wakishinda, siku tisini baadaye. Wakishindwa, nimepata uzoefu. Nina miaka kumi na moja ya uzoefu! Umejaa nyumba nzima na haununui hata kiberiti. Nimekubali.

Mke wangu, fundi cherehani, hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Kodi analipa yeye, miezi mitano sasa. Kasema kwa upole kwamba ikifika Ijumaa sina kazi ya kueleweka, naenda kuuza misumari dukani kwa kaka yake. Kwa shemeji! Yule anayeniuliza kila tukikutana kama bado naandika "vile vimaneno". Afadhali nife.

Jumanne, tarehe 4
Dada Suti naye kapiga, wa kampuni pinzani. Anataka wazo la tangazo la sabuni. Ileile! Masharti yaleyale, siku tisini zilezile. Mwenye akili timamu angekataa. Mimi nikawaza: kampuni zinazowania ni mbili tu. Nikiziandikia zote, vyovyote iwavyo, nashinda! Nimekuwa wapi miaka yote hii?

Mke wangu nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Akaendelea kukata kitambaa.

Jumatano, tarehe 5
Tangu alfajiri naandika. Kwa Miwani: bibi harusi na doa. Kwa Dada Suti: fundi wa magari na doa. Mazuri yote mawili, nikisema mwenyewe.

Saa kumi Miwani kaagiza nimsindikize kesho saa nne ofisini kwa mteja, anapenda kumwona mwandishi. Saa kumi na moja, Dada Suti: kesho saa tano, ofisi hiyohiyo. Nimekubali kote. Ulimi wangu huu! Mke wangu kanipigia pasi shati na kunitakia heri, nikaona aibu kumtazama.

Alhamisi, tarehe 6
Saa nne, na Miwani, nimevaa koti. Mwenye kiwanda ni mama wa makamo, haongei, anaandika tu. Bibi harusi kampendeza. Nikaaga haraka, nikasingizia jino linauma, namuwahi daktari. Nikajifungia chooni. Nikavua koti, nikavaa miwani ya kusomea ya mke wangu. Sioni mbele wala nyuma!

Saa tano, na Dada Suti. Nimeeleza wazo la fundi wa magari kwa sauti nzito. Nikamaliza. Mama akauliza kama jino limepona. Kitu nilichodhani ni pazia pembeni yake kikakohoa. Alikuwa Miwani! Kumbe alibakizwa anywe chai.

"Mwanangu," mama akasema, "umenidanganya mara mbili kwa saa moja. Na maandishi yako ni mazuri, ndiyo maana inaniuma."

Hakumpa kazi yeyote. Miwani na Dada Suti, wasiosalimiana miaka yote, wamekubaliana hapohapo ngazini wasiniite tena.

Ijumaa, tarehe 7
Nimemweleza mke wangu yote. Akasimamisha cherehani.

"Nimekuombea kazi kwa kaka yangu," akasema. "Ukimfanyia haya na yeye, usirudi hapa kunieleza."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimelia kidogo, bafuni. Nimemwapia kwamba hayatajirudia.

Jumamosi, tarehe 15
Wiki nzima nimepima misumari. Shemeji hakunicheka hata mara moja, na hilo limenichoma zaidi. Leo kaniomba nimwandikie bango la duka. Nimeandika. Kanilipa kabla rangi haijakauka, mkononi, na kunishukuru! Nimesimama pale kama niliyepigwa na butwaa. Huyu ni mtu wa kumheshimu maisha yangu yote.

Nikatoka nje kulitazama. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara, naye muuza misumari, alikuwa analitazama pia. Akaniita kwa kidole. Anataka lake, liwe kali kuliko la shemeji, na analipa mara mbili, papo hapo.

Nimemwambia nitamwandikia Jumatatu. Shemeji baada ya chakula hulala nusu saa. Mke wangu nitamweleza nikishamaliza.