Hatua Kumi na Nne Hadi Majini

Jumatatu, 6 Novemba 1961
Mvua tena. Nimepima kwa miguu kutoka kaburi la Apolinary hadi majini. Hatua kumi na nne! Pasaka zilikuwa thelathini. Mume wangu mwenyewe alitaka azikwe mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, karibu na ziwa, asikie mitumbwi. Sasa atasikia kuliko alivyoomba.

Mwanangu Datius, mwalimu kule Muleba, kaja na mwavuli na maelezo. Anasema ziwa limejaa kwa mvua. Tena mchanga wa ufukoni hautulii, mawimbi yanausukuma kutoka kusini kwenda kaskazini. Jirani wa kusini, Ta Kagaruki, kajenga ukuta wa mawe kuingia majini, wa kukingia mitumbwi yake. Mchanga unakwama kwake. Kwangu mawimbi yanafika na njaa.

Anashauri tumhamishie baba yake juu. Nimemwambia baba yake hakuhama hata nyuki walipoingia chumbani, sembuse maji. Halafu nikamuuliza kama amekula.

Alhamisi, 9 Novemba
Mpango! Kinu cha kahawa cha barabarani kina mlima wa makapi. Wanayatoa bure, tena wanakushukuru. Magunia ishirini na sita. Mimi na binti yangu Celina tumeyapanga mbele ya kaburi kama ngome. Celina kauliza makapi yakilowa itakuwaje. Nimemwambia afunge gunia.

Hatua kumi na tatu, na hapo hapo zitabaki.

Jumanne, 14 Novemba
Hazikubaki. Makapi yalivimba, magunia yakapasuka. Maji yamekuwa rangi ya chai, yananuka kama pombe iliyosahauliwa. Samaki wanaelea tumbo juu. Wavuvi wamehamisha nyavu.

Jovitha, jirani wa kaskazini, kaja na mtungi wake. Mbele ya wanawake wote kasema: "Ma Ephrasia, kahawa yako tumeiona. Sukari unaleta lini?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaambia kinu kinamwaga makapi kijitoni kila wiki na yote yanaishia ziwani, mbona hawaendi kukicheka. Kweli kinamwaga. Lakini ya kinu hayakuwa na magunia yanayojulikana ni ya nani.

Tumezoa makapi kutwa nzima kwa nyungo. Siombi radhi. Nimempelekea Jovitha mtungi wa maji ya chemchemi, lakini hiyo si radhi.

Hatua kumi na moja.

Alhamisi, 23 Novemba
Alichojenga Kagaruki, mimi nishindwe? Siku nane tumebeba mawe. Ukuta wangu umeingia majini kuliko wake! Na mchanga unakuja. Unakuja! Leo hatua kumi na sita.

Kagaruki kapita na mtumbwi, kauliza kama nimejenga au nimemwaga. Nimemwambia ashuke aupime. Kasema nisihangaike, Uhuru ukifika ziwa litarudi lenyewe. Mwanamume mzima.

Jumatatu, 27 Novemba
Jovitha kaja peke yake. Hana mtungi, hana utani. Kakaa mlangoni. Kasema tangu nijenge, ufuko wake unaliwa. Migomba mitatu imeshaanguka majini. Nikajiweka sawa kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana.

Akasema: "Immakulata wangu yuko nyuma ya mgomba wa nne."

Mama yangu! Nilikuwa nimesahau. Yule mtoto surua ilimchukua kabla hajatembea. Nilimbeba mgongoni hapa kwangu, mama yake akipalilia.

Nikamwambia twende. Tumeng'oa ukuta wangu sisi wawili, jiwe kwa jiwe, mvua inatupiga. Kagaruki alitutazama kutoka kwake. Wake hakuugusa.

Ijumaa, 1 Desemba
Hatua tisa. Padri kabariki, Datius na wenzake wamechimba. Tumewapandisha marehemu wote wawili hadi kibanja cha juu. Immakulata tumemlaza kando ya Apolinary. Alipenda watoto, hasa waliolala.

Jovitha kalia, nami nikalia, halafu tukapika matoke. Nimemwambia Apolinary wazi kwamba sikushindwa. Ni yeye aliyechoshwa na kelele za mitumbwi.

Ijumaa, 8 Desemba
Kesho Uhuru. Ziwa halijarudi.

Mvua imechimba korongo kule kibanja cha juu. Nimepima kutoka korongo hadi makaburi. Hatua ishirini na mbili! Jana zilikuwa ishirini na tatu. Datius anasema tupande majani pembeni na tuyaache maji yapite njia yake. Majani! Nimemuuliza kama amekula.

Mimi na Jovitha tumeshafika kinuni. Magunia arobaini. Celina kaanza kuuliza makapi yakilowa itakuwaje.

Mara hii tutayashona mara mbili.