Albamu Yangu na Ukuta wa Tinga

Jumatatu, 2 Juni 2025
Albamu imekamilika! Nyimbo nane za saksafoni, zote za taratibu, jazi ya watu waliotulia. Katika wimbo wa tatu anasikika jogoo wa mwenye nyumba. Nimemwacha. Hakuharibu kitu.

Tatizo ni moja: saksafoni ni ya kanisa. Mzee Erastus, mwenyekiti wa bendi, kasema Jumapili nipige mimi, kisha apige Tinga, na atakayewagusa waumini akae nayo mwaka mzima. Bila saksafoni mimi ni Kazungu fundi wa feni, basi. Tinga mwenyewe hana lolote ila muziki wa mbio. Tena ni jirani, ukuta mmoja hapa Mtopanga. Ukuta huo ndio nitakaomvunjia moyo.

Jumanne, 3 Juni
Spika nimeielekeza ukutani tangu saa sita mchana. Kwa kawaida huko hakunyamazi: Tinga anafanya mazoezi kwa mluzi, mtoto wao wa wiki sita analia. Leo, wimbo wa kwanza tu, kimya! Hofu imewaingia. Kanze, mke wangu, asema mtoto kalala, na babake vilevile. Kanze ni mke mwema, ila jazi haijui.

Alhamisi, 5 Juni
Kutafuta wafuasi. Saluni ya Margret, wanakosukwa kina mama wa kanisa. Wimbo wa pili, mteja mmoja kafumba macho kwa hisia. Wa tatu, mate yanamtoka. Sijawahi kumgusa mtu kiasi hicho! Margret akanitoa nje na spika yangu, eti msusi wake kasinzia na kushona nywele za mteja kwenye taulo. Wivu.

Jumamosi, 7 Juni
Purity, mke wa Tinga, kaja mlangoni, macho mekundu. Kaniita shemeji. Anaomba albamu, eti mchana mtoto analala nikiipiga, lakini usiku nikizima hawapati hata lepe la usingizi. Wapi! Tinga anataka kuniibia mtindo. Nikakataa. Kisha nikawaza: acha asikilize, ajue anapambana na nani. Nimempa kwenye flashi. Nikasisitiza wairudierudie.

Jumapili, 8 Juni
Tinga hakutokea! Mzee Erastus kapiga simu mara nne, kisha akatuma mtu. Mtu kachungulia dirishani, karudi na habari: muziki unalia, baba, mama na mtoto wamelala usingizi wa pono. Kisingizio hicho. Kaniogopa.

Nikapiga peke yangu. Kufumbua macho, kanisa zima limeinamisha vichwa. Maombi mazito! Mzee Erastus alikoroma kidogo, ni umri. Saksafoni yangu mwaka mzima!

Jumatatu, 9 Juni
Purity kaja na sahani ya mahamri, uso umenawiri. Asema Tinga hana kinyongo, saksafoni nikae nayo, mradi nitoe albamu ya pili, mtoto asije akaizoea hii. Nikamtuliza: naanza leo. Watu wameshanijua, taratibu ya nini tena? Nyimbo kumi na mbili, zote mbio, ngoma tatu na tarumbeta. Mazoezi kila usiku, spika ukutani kwao, wawe wa kwanza kusikia.

Kaangua kilio palepale mlangoni. Furaha hiyo! Hata mahamri kaondoka nayo, kasahau kuniachia.