Nukta Mbili Zilizovunja Uchumba wa Noëlla

Kamembe, 29 Juni 2004

Bwana Mkurugenzi wa Kampuni ya Simu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wafanyakazi wako, pamoja na yule mlinzi wa mlango aliyenirudisha mara tatu. Mimi ni Hategekimana, seremala, niliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na kurejea hapa. Mtambo wako umenivunjia uchumba wa binti yangu. Nalalamika hivi:

1. Familia ya Mzee Muderhwa wa Bukavu ilikuwa ivuke mwezi huu kuja kumposa Noëlla kwa ajili ya kijana wao. Vita ikazuka kwao, mpaka ukafungwa, tukakubaliana posa ipite kwa ujumbe wa simu. Desturi yetu unaijua: upande wa binti hukataa kwanza kwa mzaha, ndipo hukubali. Kwa kuwa herufi za simu ni ndogo kwa macho yangu, nilimtajia Noëlla maneno, akaandika. Nilianza: "Noëlla hatumutoe. Ameshaingia utawa. Murudie kwenu mukalime." Kisha mistari minane ya kukubali, mitamu hata mke wangu akafuta machozi.

2. Kilichofika ni utawa na kulima. Muderhwa akajibu: "Tumesikia. Mubakie na Mungu." Umwali, anayeuza kadi za simu sokoni, akanifumbua macho: ujumbe hubeba herufi mia na sitini, lakini ukitia ile ë yenye nukta mbili kichwani, hubeba sabini tu. Kinachozidi hukatwa vipande, na kipande chaweza kupotea. Herufi moja kula nafasi ya herufi tisini! Hata mgeni wa harusi hali hivyo.

3. Mara tatu nimemwandikisha Noëlla ujumbe wa kusahihisha. Zote zimepotea.

4. Mtoto ameathirika. Tangu siku ile anaimba akifua, anakula sahani mbili. Tunaogopa huzuni imempanda kichwani.

Basi naomba mafundi wako waipunguze herufi hiyo tumbo. Mkishindwa, mpaka ukifunguliwa uvuke mwenyewe na dumu la pombe ya ndizi, umsomee Muderhwa mistari yangu minane. Hilo nalo likikushinda, nasikia una kijana ambaye hajaoa. Umenipotezea mkwe, nipe mkwe.

Nisalimie mama watoto, makarani wote, na wale wanaopanda minara.

Mimi mzazi mwenye uchungu,
Hategekimana

N.B. Nimempa Noëlla barua hii aisome kabla sijaileta. Amepiga magoti: "Papa, mashine haikukata kitu. Ile ya kukubali sikuandikaka. Ule muntu sikumutaka." Mwaka mzima nimeipanga ndoa hii, na sikumuuliza hata siku moja. Naona aibu. Kwa hiyo mtambo uacheni ulivyo. Ila Mzee Muderhwa akija kuuliza, tafadhali mwonyesheni barua hii, ukurasa wa kwanza tu, si huu.